Mpiga picha wa mifupa na Zondi wawili

Saa moja na robo asubuhi, Khonzaphi Mbatha anakata sponji kwa kisu cha mkate. Ni ile sponji ya kijani ambayo wauza maua huchomekea mawaridi. Yeye anachomeka mfupa wa paja wa nyani aliyegongwa na gari huko Limpopo. Anauzamisha taratibu, anaupima kwa jicho, anautoa, anachonga tena.

"Mfupa ukicheza humo ndani hata kwa unene wa unywele, picha inatoka na ukungu, na saa zangu nne zimekwenda bure," anasema bila kuinua macho.

Mfupa ukishatulia, anachukua ushanga mwekundu wa kioo kutoka kwenye kikopo kilichokuwa cha mafuta ya kujipaka, anaugandisha kwa gundi upande wa kushoto wa chombo, kisha anaingiza kila kitu ndani ya mashine. Mlango ni wa chuma na madini ya risasi ya kuzuia miale, mzito wa kusukumwa kwa bega. Anabonyeza kitufe na kuvuta kiti.

"Sasa anaota jua," anasema. Anamaanisha nyani.

Mashine yenyewe ni kubwa kama majokofu mawili ya bucha yaliyobananishwa. Ndani yake mfupa unazunguka polepole, eksirei inapiga picha elfu tatu na ushee, na kompyuta inazishona pamoja mpaka mtu anaona ndani ya mfupa bila kuupasua. Huko ndani hakujajaa kama jiwe. Kuna vijiti vyembamba vilivyosukwa kama kiota, na vinajipanga kufuata mzigo ambao mwenyewe aliubeba maishani. Aliyetembea sana anaonekana. Aliyelala kitandani mwaka mzima anaonekana pia.

"Mtu anaweza kuwadanganya wanawe alivyoishi," anasema Khonzaphi. "Mfupa haujui kudanganya. Sisi tunaousoma ndio tunaoweza kukosea."

Ana miaka hamsini na minne. Kazini wanamwita MaMbatha, kwa ukoo wa baba yake. Wakitaka kitu kwake wanamwita Shandu, jina la sifa la ukoo huo, na yeye anajua mara moja kwamba anaombwa kazi ya Jumamosi. Maabara yao iko chini ya ardhi, katika chuo kikuu kimoja cha Johannesburg, na haina hata dirisha moja.

Aliingia humo kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na ndoo ya kupigia deki. Alikuwa ametoka kwao Nquthu na watoto watatu, mume ameoa kwingine, na mshahara wa usafi ulikuwa randi 1,900 kwa mwezi. Wanafunzi wakati ule waliishikilia mifupa kwa pamba na utepe, na kila wiki alimsikia mmoja wao akilaani picha zilizoharibika. Yeye, nje ya kazi, ndiye aliyekuwa fundi wa mashada katika chama chao cha kuzikana kule Katlehong. Siku moja alileta kipande cha sponji ndani ya mkoba wa chakula.

"Profesa aliniuliza, 'Hii umeitoa wapi?' Nikamwambia, 'Msibani.' Akadhani namtania."

Miaka sita baadaye aliacha deki na kukabidhiwa mashine. Tangu hapo ameshapiga picha mifupa zaidi ya elfu sita: ya nyani, ya kanga, ya swala waliokufa kabla binadamu hajajua kuwasha moto. Leo anapata randi elfu kumi na saba, ambazo si haba, ingawa ada za wajukuu wawili zinazimeza karibu nusu. Amebakiza miaka sita kustaafu. Kwa hiyo mwezi Mei, kosa lilipotokea, alikuwa na cha kupoteza.

Chuo hicho, kama vingine vya umri wake, kina ghala la mifupa ya watu. Wengi walifia hospitalini zamani, hawakujitokeza ndugu wa kuwachukua, wakapelekwa kufundishia madaktari. Hakuna aliyetuma mtu kwao kuuliza. Siku hizi chuo kinawarudisha mmoja mmoja, kila ndugu wanapopatikana.

Mwezi Februari alifika Bibi Tholakele Zondi, mwenye umri wa miaka themanini, kutoka Msinga, mashambani kwa Wazulu, akiongozana na mtoto wa kaka yake, Mzikayifani. Baba yake bibi huyo, Falakhe Zondi, alikuja Johannesburg kufanya kazi kwenye tanuri la matofali na akafa majira ya baridi ya mwaka 1957, Tholakele akiwa na miaka kumi na miwili. Barua ya msiba ilifika nyumbani baada ya miezi mitano. Habari za kaburi hazikufika kabisa.

Ghalani walikuta masanduku mawili. Moja liliandikwa Piet Zondi, la pili Jim Zondi. Wote wa Msinga, wote wa umri wa miaka thelathini na kitu, wote wamekufa majira yale yale, wiki tatu tu kati yao.

"Karani wa enzi hizo hakuwa na haja na majina ya kwao," anasema Khonzaphi. "Aliwagawia ya kwake."

Vinasaba havikusaidia, kwa kuwa mifupa ilichemshwa na kusafishwa kwa dawa kali zamani hizo. Mkuu wa maabara, Dk. Reinette Fourie, akamuuliza bibi kama baba yake alikuwa na alama yoyote mwilini.

"Alama gani, na mimi nilikuwa mtoto?" Bibi Tholakele alijibu. Halafu akaongeza: "Alikuwa wa kushoto."

"Kwa kila kitu?"

"Kwa kila kitu. Shoka kushoto, nyundo kushoto. Kwenye mchezo wa fimbo wanaume walimkwepa, maana pigo linakujia upande ambao hukuweka ngao. Hata mimi nilizaliwa hivyo, ila mimi shuleni walinichapa nikaacha. Yeye hakwenda shule, kwa hiyo hakuna aliyemharibu."

Kwa mtu mwingine hayo ni masimulizi ya familia. Kwa Dk. Fourie kilikuwa kipimo. Mkono unaorusha fimbo tangu utotoni na kushika nyundo ukubwani hujenga ganda nene la mfupa kati ya bega na kiwiko, na mwenzake hubaki mwembamba. Kwa nje tofauti haisomeki vizuri. Kwa ndani inasomeka.

Khonzaphi akapewa mifupa minne ya mikono, miwili kutoka kila sanduku. Mifupa ilipewa herufi bila mpangilio, ili daktari asome picha bila kujua anamsoma nani, macho yasije yakavutwa na moyo. Khonzaphi aliisalimu mifupa kwa Kizulu, akaieleza anachokwenda kuifanyia, akachonga sponji kwa uangalifu wote. Ushanga hakuuweka.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Picha za mashine hii zinaweza kutoka zimegeuka kama kwenye kioo, kushoto kukawa kulia, na mtu asijue. Ushanga ndio mlinzi. Umegandishwa kushoto, ukionekana kulia, basi picha imepinduka. Khonzaphi mwenyewe ndiye aliyebuni utaratibu huo, na kwa miaka kumi na sita hakuuacha hata mara moja.

"Ushanga ni wa mchumba, ni wa harusi," anasema. "Mtu wa msiba hapambwi. Nikajiambia, hawa wazee hawajazikwa, bado wako kwenye msiba wao wenyewe. Nitawavalisha shanga mimi nani? Niliona aibu."

Wiki hiyo hiyo ilikuwa imefungwa kompyuta mpya. Ile ya zamani ilipanga vipande vya picha kuanzia juu, hii inaanzia chini, na picha nzima inatoka imepinduka. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kijitabu ambacho hakuna aliyekifungua.

Dk. Fourie akasoma picha, akafungua bahasha iliyoonyesha herufi ipi ni ya sanduku lipi, na jibu likawa moja bila shaka: mtu wa kushoto ni wa sanduku la pili, Jim. Barua ikaenda Msinga. Mashine nayo ikafungwa kwa ukaguzi wa mwaka, na kwa majuma mawili hakuna mfupa ulioingia.

Familia ilifika Alhamisi mwishoni mwa Mei. Ng'ombe alikuwa amekwisha kuchaguliwa nyumbani, na maziko yalipangwa Jumamosi. Mzikayifani, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, alibeba tawi la mphafa, mti wa miiba ambao kwa Wazulu ndio unaomchukua marehemu kumrudisha kwao. Mwenye tawi hasemi na mtu. Anasema na marehemu tu: hapa tunapanda gari, hapa tunavuka mto, hapa tumefika. Alikuwa ameshuka kwenye basi kimya, akapanda ngazi za chuo kimya, na mlinzi wa getini aliyemtaka jina lake alijibiwa na Bibi Tholakele.

Saa nne, kwenye chumba cha juu, alisimama mbele ya sanduku la pili na kumwita babu yake.

Chini, wakati huo huo, Khonzaphi alikuwa anaijaribu mashine baada ya ukaguzi. Kazi ya kwanza ilikuwa mguu wa swala, pamoja na ushanga wake. Picha ilipojijenga kwenye skrini, ushanga ulikuwa upande wa kulia.

"Nikatazama chombo. Kushoto. Nikatazama skrini. Kulia. Nikaikumbuka ile mifupa minne."

Anakiri kwamba alifikiria kunyamaza. Nani angejua? Wote ni akina Zondi, wote wa Msinga, na hakuna mtu ambaye angefukua kaburi kwenda kupima mkono.

"Nilikaa dakika tano. Usiandike mbili. Zilikuwa tano. Halafu nikamuona yule bibi anampalilia kaburi mtu asiyemjua, na baba yake yuko kwangu huku ghalani, na mimi ninapita hapo kila siku na chai yangu."

Akapanda ngazi. Alipofungua mlango, Mzikayifani alikuwa amekwisha kuita na amesimama na tawi mkononi, tayari kuondoka.

"Daktari, naomba neno," alisema Khonzaphi.

"Subiri kidogo, MaMbatha."

"Haliwezi kusubiri. Ni yule mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Picha zimegeuka. Wa kushoto ni wa sanduku la kwanza. Sikuweka ushanga. Kosa ni langu."

Dk. Fourie aliketi. Bibi Tholakele ndiye aliyeuliza. "Unasema nini, mwanangu? Sema nielewe."

"Mama, ukisimama mbele ya kioo ukainua mkono wako wa kushoto, yule wa ndani ya kioo anakuwa ameinua upi?"

"Wa kulia."

"Sisi tumemsoma yule wa ndani ya kioo."

Mzikayifani alimtazama shangazi yake kwa hasira, akalitazama tawi, na mdomo hakuweza kuufungua.

"Liweke juu ya sanduku," Bibi Tholakele akamwambia. "Ukishaliweka, sema, usije ukapasuka."

Aliliweka. "Shangazi, mimi nilimwita Falakhe. Nilitaja jina, sikuita sanduku. Aliyeitwa amesikia huko huko aliko. Tuchukue sanduku lake twende, watu wanatusubiri."

"Ulitaja jina tu?"

"Na sifa za ukoo."

"Zipi?"

"Nondaba. Gagashe. Zote."

"Na huyu aliyemo humu ni nani?"

"Zondi."

"Basi naye ni Nondaba. Miaka sitini na minane hakuna aliyemwita hivyo. Leo umekuja wewe, umesimama mbele yake, umesema, 'Nondaba, inuka, twende nyumbani.' Unadhani amekaa?"

Dk. Fourie alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba kibali ni cha mtu mmoja, na kwamba huyu wa pili huenda ana watoto wake wanaomtafuta. Hawezi kutolewa kwa watu wasio wake.

"Wala sijasema nimchukue," alijibu bibi. "Simjui mama yake. Mtu hazikwi popote tu kwa kuwa ukoo unafanana. Ninataka aambiwe ukweli."

Akasogea mwenyewe mpaka kwenye sanduku na kuongea nalo kama anavyoongea mtu na mgeni aliyepelekewa ujumbe usio wake. Akamwambia wamekosea, walimfuata Falakhe. Akamwomba radhi. Akamwambia na yeye atarudi kwao, ila si leo, na kwamba tawi wanamwachia. Halafu akageuka.

"Wewe ndiye uliyepiga hizo picha?"

"Ni mimi, Mama."

"Basi huyu ni wako."

Siku ile haikuwa na kishindo kingine. Mifupa ilipigwa picha upya usiku kucha, safari hii ikiwa na alama, na alfajiri maabara nyingine ikaombwa kuzisoma. Walikubaliana: Falakhe Zondi alikuwa wa sanduku la kwanza, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mnene kupita mikono mingi ambayo Dk. Fourie amewahi kuiona. Ijumaa asubuhi Mzikayifani alinunua tawi jipya kwa wauza dawa za miti mjini, akaita tena, na akaingia kwenye ukimya wake mpaka Msinga. Maziko yalifanyika Jumamosi kama yalivyopangwa. Waombolezaji hawakuambiwa yaliyotokea, ingawa inasemekana wote walikwishajua kabla nyama haijaiva.

Khonzaphi alipewa barua ya onyo, ukurasa mmoja. Dk. Fourie alijiandikia ya kwake. "Yeye aliacha kuweka alama," anasema daktari huyo. "Mimi nilisoma picha nne bila kuuliza alama iko wapi. Sijui nani alilala zaidi." Kompyuta imerekebishwa. Wafu nao sasa wana alama yao: punje ya mtama, ambayo Khonzaphi anasema hakuna mzee atakayeikataa.

Kuhusu tawi lililoachwa, sheria ya ghala hairuhusu kitu kibichi kuingia, kwa sababu ya wadudu. Khonzaphi aliligandisha kwenye barafu siku tatu, akalikausha, akalifunga kwenye karatasi na kuliweka sandukuni. Ameandika kwenye daftari la ghala, "Mali ya mwenyewe."

Maneno ya bibi hayakumtoka. Mwezi Julai aliomba ruhusa ya kupiga picha mifupa iliyobaki ya yule anayeitwa Jim, akaifanya kwa Jumamosi zake nne bila malipo. Mikono haikusema mengi. Nyonga ilisema. Vijiti vya ndani upande wa kulia vilikuwa vyembamba na vichache, upande wa kushoto vimesongamana. Mtu huyu aliuegemea mguu mmoja kwa miaka mingi, na inaelekea aliuegemea tangu ujana wake, muda mrefu kabla ya kufika mjini.

Likizo yake ya Desemba atakwenda Msinga. Bibi Tholakele amekubali kumpa mahali pa kulala, kwa sharti kwamba asimletee keki za dukani. Atahudhuria siku ya kuogesha ng'ombe, wazee wanapokutana joshoni, akiwa na picha ya nyonga iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa.

"Nikiuliza Zondi, nusu ya uwanja itainua mkono," anasema. "Sitauliza jina. Nitauliza: ni nyumba gani ilikuwa na kijana anayechechemea mguu wa kulia, akaenda Johannesburg, hakurudi? Jina karani anaweza kukubadilishia. Mwendo wako wanaukumbuka."

Mashine inalia mara moja; nyani amemaliza. Khonzaphi anasimama, anatazama skrini, na ushanga uko kushoto.

Na kama wakimkatalia, waseme hawamjui mtu kama huyo?

"Watakuwa wamenikatalia mimi, na mwakani nitakwenda bonde la pili," anasema, akisukuma mlango kwa bega. "Yeye ameshaambiwa anarudi nyumbani."